Mabingobingo ya Databukwe

Jana niliwasikia, vijana wangu. Mulikuwa mnapita hapa na majani ya Leta, ya serikali, vichwani, shingo zimewavimba, mnajikuna kama watu walioingia kwenye upupu. Mmoja akasema hii si kazi ya mtu, ni kazi ya punda. Mwingine akamlaani agronome, bwana shamba wenu, na ukoo wake wote. Nikacheka peke yangu hapa kibarazani, kisha kicheko kikanishia mdomoni. Shingo yangu hii imewashwa na majani hayo hayo, katika shamba hilo hilo la mtoni Dama, kabla mama zenu hawajazaliwa. Leo nimewaita mukae. Nitawafundisha kukata bila kuumia, maana inaniudhi kuona kazi inafanywa vibaya. Halafu nitawaambia habari ya lile shamba. Agronome wenu haijui, na waliokuwa wanaijua walikufa wakiwa wamefunga midomo.

Kwanza mikono. Nani kawaambia muingie kwenye mabingobingo, majani marefu haya, na mikono mikavu? Rumonge nzima inanuka mawese, kila nyumba iko na chungu cha mawese, na ninyi mnakwenda shambani kama watu wa Muramvya ambao hawajaona mchikichi! Pakeni viganja, pakeni mpaka kwenye viwiko, na shingoni mufunge kitambaa. Vile vinywele vya jani vinanasa kwenye mafuta, haviingii kwenye ngozi. Na musikate umande ukingali. Jani likiwa na maji ni zito bure, mtabeba maji mkidhani mnabeba majani, na ng'ombe akila hayo mabichi mabichi tumbo linamfura. Kateni, muyatandaze juani yalegee, ndiyo mufunge mzigo. Alaa! Mtu mzima anabeba mzigo mara mbili ya unaotakiwa, halafu analaani agronome.

Mimi ni Mwamini. Wengine mnaniita Bibi Majani mkidhani sisikii. Nasikia. Baba yangu alikuwa Mmanyema, alikuja na misafara, akaona ziwa, akakataa kuondoka. Mimi nimezaliwa hapa hapa kwa Waswahili. Nikaolewa na kijana wa Kirundi aliyesilimu, Saidi, mtoto wa mzee mmoja mwenye ng'ombe kule juu, njia ya Kizuka. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kazi ya majani. Wakati ule walikuwa wanatawala Wadachi, yaani Wajerumani.

Jina la mzee sitalitaja sasa, na musiniulize. Ninyi watoto wa mji hamjui. Kwa Warundi, mwanamke hatamki jina la baba wa mume wake. Hata neno linalokaribiana na jina lile unalizunguka, unatafuta lingine. Unamwita Databukwe, yaani baba mkwe, imekwisha. Mimi niliona ni mambo ya milimani, nikamwambia mama yangu, mimi Mwislamu, hayo yananihusu nini? Mama akanitazama vibaya. "Umeolewa mule, utafuata ya mule. Usije ukaniletea aibu." Basi nikafuata.

Na Databukwe alikuwa mtu wa zamani kupita kiasi. Jina ni kitu cha kwanza tu. Yeye hakunitazama usoni, hakula mbele yangu, na hakusema nami maneno ya moja kwa moja hata siku moja. Nikija huku, yeye anageukia kule. Miezi ya kwanza nilidhani ananichukia, nikawa nalia kwa Saidi. Saidi akacheka. "Hakuchukii. Anakuheshimu."

Heshima hiyo! Halafu Saidi alichukuliwa upagazi. Walimpa mzigo wa Wadachi kwenda njia ya Ujiji, na huko njiani alikufa. Habari ilikuja na watu, mwili haukuja. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia, watoto hatukujaliwa. Tukabaki wawili katika boma la ng'ombe, mimi na mzee ambaye hawezi kusema nami. Baba yangu alitaka nirudi mjini. Nikakataa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya ule ubishi wangu. Na ng'ombe wanataka kula kila siku, hawangoji mtu amalize msiba.

Sasa mtu asiyesema na wewe atakufundishaje kazi? Alisema na ng'ombe.

Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu wa kuiva, Bihogo, aliyempenda kuliko wote. Mzee anasimama upande wa pili wa Bihogo, mgongo ameniachia mimi, anamkuna shingo, anasema: "Bihogo, mwambie mwenye mundu, shina la mbegu lisichimbiwe limesimama kama askari. Lilale upande. Vifundo viwili viingie udongoni, kimoja kibaki juu kipate jua." Mimi na mundu wangu, nyuma ya ng'ombe, najibu: "Bihogo, nimesikia." Bihogo anatafuna tu. Wapita njia walikuwa wanasimama kututazama, wanashika mbavu. Tumeendesha nyumba nzima hivyo. Chumvi imekwisha, Bihogo. Paa linavuja, Bihogo. Wallahi, yule ng'ombe alijua siri zetu zote.

Siku moja kulikuwa na harusi mjini, nami nilitaka niwahi ngoma. Nikakata majani mpaka chini kabisa kwenye udongo, mzigo ujae upesi. Mvua ikanyesha, maji yakasimama juu ya visiki, visiki vikaoza. Databukwe akaja, akatazama, akaondoka bila neno. Jioni nikamsikia huko kwa ng'ombe: "Pole, Bihogo. Wenzako wameletewa mkwe, wewe umeletewa kinyozi. Ananyoa nywele na ngozi pamoja." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye akaendelea kumkuna ng'ombe kama hakusikia, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tangu siku ile nakata kiganja kimoja juu ya udongo. Tazameni mkono wangu. Unausimamisha hivi kando ya shina, unakata pale vidole vinapoishia. Hapo shina linabaki na macho ya kuchipua. Ukilitunza hivyo, linakupa wewe, linampa mtoto wako. Na musingoje majani yaote mpaka yawapite kichwa. Yakifika kifuani, kateni. Yakizidi hapo yanakuwa kuni, ng'ombe anayatazama na wewe anakutazama. Samadi mnayoitupa pale zizini irudisheni kwenye mistari. Udongo nao unakula. Na ng'ombe wasiingizwe shambani, wanakanyaga vichipukizi. Sisi ilikuwa zaidi: shamba letu lilikuwa chini, pale mto Dama unapokaribia ziwa, na kule chini kulikuwa na nzi wabaya. Ng'ombe walikaa juu, majani yalipandishwa kwa kichwa. Kichwa gani? Hiki.

Databukwe aliwahi kumwambia Bihogo, nikiwa pale nyuma nafunga mzigo: "Bihogo, lile shamba la Dama baba yangu alilifyeka lilikuwa pori. Saidi hayupo. Litakuwa la huyu mkata majani. Nikifa, mtu asimhamishe." Nikasema, Bihogo, nimesikia. Mjane hana mtoto, baba yangu naye alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Sikuwa na mahali pengine duniani, na yule mzee aliyejifanya hanioni alikuwa ameliona hilo.

Sasa niwaambie habari ya boma la Wadachi.

Bwana mkubwa wa boma aliletewa nyumbu, wale watoto wa punda na farasi. Wanyama wakubwa, wana hasira, na wanakula bila haya. Majani ya porini karibu na boma yakaisha. Nyapara wa boma alikuwa Mabruki, mtu wa mji, Mwislamu, jirani yetu. Alikula wali wa harusi yangu, namkumbuka alivyoramba vidole. Yeye ndiye aliyekuwa anajua Kidachi kidogo, kwa hiyo ndiye mdomo wa bwana na sikio la bwana. Akapanda kwa Databukwe na maneno matamu.

"Amahoro, mzee. Boma inaomba mbegu ya urubingo, haya mabingobingo yako. Iko na nyumbu wanakufa njaa."

Kwa Warundi wa ng'ombe, mtu akikuomba mbegu ya majani kwa ajili ya mnyama humnyimi, hata kama mmegombana. Mnyama hana ugomvi na mtu. Databukwe akakubali, "Ego, wakate." Wakaja watu wa boma, wakakata mashina katika shamba letu, wakaenda kupanda kiwanja cha boma pale pale jirani. Kati ya kiwanja chao na shamba letu kulikuwa na uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, ambao babu yake Saidi aliupanda. Mabruki aliegemea ule uzio akasema, "Mzee, usiwe na wasiwasi. Miyenzi hii iko mpaka. Huku yako, kule ya boma. Mungu anaona." Mungu aliona, nakubali.

Wale watu wa boma walipanda kichekesho. Mashina mengine kichwa chini, miguu juu! Askari mmoja alisimama anahesabu mistari kwa sauti, kila mstari umenyooka kama kamba, na nusu ya mbegu imekufa. Mabruki akaona bwana atamchapa. Akaja tena mbio: yule mwanamke wa mzee aje atusaidie. Haikuwa kuomba, ilikuwa kazi ya boma, ukikataa unapigwa viboko. Basi nikawa mtunza majani wa boma. Asubuhi nakata ya nyumbu upande ule wa miyenzi, alasiri nakata ya Bihogo upande huu. Wale wakataji wengine wa boma sikuwaweza. Wanakata chini kabisa, wanyoa ngozi wote, nami nawafokea mpaka koo linakauka. Ukitazama visiki, upande wa boma vilikuwa vifupi, vimeoza oza, na upande wetu vimesimama urefu wa kiganja. Kumbukeni hilo.

Halafu malale yakaingia.

Ninyi mmesikia kwa jina tu. Mtu anavimba vifundo vya shingo, anakonda, kisha anaanza kulala. Analala na tonge mkononi. Mwanamke analala na mtoto anamnyonya. Pwani yote, kutoka huku mpaka Magara na kule Muhuta, watu walikuwa wanalala na hawaamki. Ugonjwa ulikuwa kweli, na nzi alikuwa kweli, sitasema uongo kwa sababu nina uchungu. Daktari wa Wadachi alisema nzi anakaa kwenye vichaka vya maji na kwenye vivuli. Amri ikatoka: watu wote wa kando ya ziwa, na sisi wa juu kidogo tukiwemo, wahame, nyumba zichomwe, na kila kichaka kikatwe, kila uzio, kila kivuli.

Miyenzi ile tuliikata sisi wenyewe kwa mikono yetu. Mabruki amesimama na kiboko. Utomvu wa muyenzi ukikuingia jichoni unaona moto, watu walikuwa wanakata wanalia, na huwezi kujua nani analia kwa utomvu na nani analia kwa nyumba yake. Databukwe alisimama pembeni. Alikuwa na vifundo shingoni tayari, lakini alikuwa amejifunga nguo watu wasione. Uzio ulipolala chini akageuka kwa Bihogo, tulikuwa tumemshusha kwa sababu siku ile ya kuhama watu na mifugo walikusanywa pale chini. "Bihogo," akasema, "tazama vizuri. Mpaka ulikuwa hapa." Alipiga mguu chini. "Hapa."

Bihogo alifia huko mlimani tulikohamishiwa. Hakukuwa na majani ya maana, na nadhani nzi alikuwa amekwisha kumuuma siku ile ya kushuka. Databukwe wakamgundua, wakamchukua kambi ya wagonjwa. Kule walikuwa wanachoma sindano. Wengine ziliwafaa, siwezi kukana. Wengine ziliwatia upofu. Yeye alipofuka.

Ruhusa ya kurudi ilipotoka nilishuka mbio. Sikuwa msichana tena, lakini nilishuka mbio. Nilikuta jivu, na juu ya jivu pori dogo dogo. Nyumba hakuna. Miyenzi hakuna, hata kisiki, walichimbua mizizi. Lakini mabingobingo! Yalichomwa, yalikatwa, yalikanyagwa, na yamesimama yananipita kichwa, yanapiga kelele kwa upepo wa ziwa. Nikayakumbatia, mimi mpumbavu, yakanikata mashavu, nami nacheka. Nilisema, haya, tuna pa kuanzia. Databukwe nitamwambia.

Ndipo nikaona ng'ombe wawili wamefungwa pale katikati, si wetu. Na kibanda kipya. Mabruki akatoka anapangusa mdomo.

"Ah, Mama Mwamini! Mungu mukubwa, umepona!"

"Nimepona. Ng'ombe hawa ni wa nani katika shamba letu?"

"Shamba yenu gani?" Alikuwa anatabasamu, yaani hata hakujisumbua kukasirika. "Hii yote iko majani ya boma. Bwana mupya ameniweka nayalinda. Unaona mpaka, wewe? Mimi sioni mpaka."

"Wewe uliegemea huo mpaka!"

"Mama, mimi nimeegemea vitu vingi."

Nikaenda boma kushtaki. Watu walinikataza. Mwanamke, mjane, hana kaka, anamshtaki nyapara kwa bwana wa nyapara! Nilikwenda. Bwana yule alikuwa mgeni, Kiswahili chake ni cha kuitisha maji na kutukana nyumbu. Alikaa kibarazani, na watu wa pwani waliorudi wamejaa uani, kila mtu na shauri lake. Na mkalimani ni nani? Mabruki. Ndiyo, mshtakiwa ndiye mkalimani. Hakukuwa na mwingine, na mimi nilikuwa na haki nyingi kichwani, nikadhani haki itapita tu hata katika mdomo ule.

Nikaeleza. Mbegu ilitoka kwetu, kwa ombi la boma. Uzio ulikuwepo, tuliukata kwa amri. Na kama bwana hataki maneno yangu, aje aone visiki: vilivyokatwa kiganja ni vyetu, vilivyonyolewa ni vya boma, na pale vinapobadilika ndipo mpaka ulipokuwa. Ni mwendo mfupi, nikasema, hata viatu havitachafuka. Mabruki akasema maneno mawili matatu ya Kidachi. Bwana hakutazama upande wa shamba. Akauliza kitu.

Mabruki akanigeukia. Sauti yake ilikuwa laini sana. "Bwana anauliza, huyo mwenye shamba anaitwa nani?"

Yule mtu alijua. Alikuwa jirani yetu, alijua mila, alijua mimi naishi vipi na Databukwe. Na jina alilijua yeye mwenyewe, angeweza kulisema bila kuniuliza. Kulikuwa na wazee wa Kirundi pale waliomjua Databukwe tangu ujana wao, wakainamisha vichwa, kila mmoja anatazama miguu yake. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanikataza polepole, "Oya, mukobwa, oya."

Nilikuwa sijalitamka hata nikiwa peke yangu. Hata katika dua nilikuwa nasema, Mungu, mjalie Databukwe. Niliona aibu kama mtu anayevuliwa nguo. Lakini nikawaza, hili ndilo lililobaki. Nyumba hawakutuachia, ng'ombe hawakutuachia, uzio hawakutuachia. Bwana anataka jina, nitampa jina.

Nikalitaja. Kwa sauti kubwa, jina zima, mbele ya watu wote. Yule mwanamke nyuma yangu aliziba masikio.

Mabruki akageuka kwa bwana akasema naye. Sasa sikilizeni, vijana. Kidachi mimi sijui. Lakini jina la mtu ni jina la mtu, ukilisema kwa Kidachi, ukilisema kwa Kifaransa, ukilisema kwa Kiarabu, ni lile lile. Nilitega masikio yangu yote mawili nilisikie likipita. Akasema maneno mengi. Bwana akatikisa kichwa, akapiga meza kidogo kwa kidole. Jina halikupita. Nililisubiri mpaka mwisho, halikupita.

"Bwana anasema," Mabruki akaniambia, "majani ya boma, shamba ya boma. Urakoze, asante, mama. Mwingine aje."

Nilikwenda kambi ya wagonjwa nikiwa sina hata njia ya kusema. Habari ilikuwa imenitangulia, habari za aibu zina miguu. Databukwe alikuwa amekaa ukutani, kwenye jua, macho yamekuwa meupe. Nikasimama pale kando, kama kawaida, upande upande. Nikangoja aseme na Bihogo. Miezi yote ile ya kambini alikuwa bado anasema na Bihogo ingawa alijua amekufa, na mimi nilikuwa namjibu.

Hakusema na Bihogo. Aligeuza uso kwangu, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Wanasema umenitaja."

Nikasema ndiyo.

"Mbele ya watu."

Ndiyo, Databukwe.

"Na yule Mzungu? Alilisikia?"

Nilitaka kumdanganya. Mungu ananijua, nilitaka. Nikasema, "Oya. Hakuambiwa."

Akanyoosha mkono hewani mpaka akapata kichwa changu, akaweka mkono juu yake. "Basi umejichafua bure, mwanangu," akasema. Usingizi ukamchukua pale pale, mkono ukateleza. Hakuishi siku nyingi baada ya hapo; angeishi aone nini, sijui, hakukuwa na cha kuona. Tulimzika kule kule kambini, na mimi sikuruhusiwa hata kuchukua udongo wa Dama nimwekee.

Mabruki alizeeka vizuri. Wadachi walikimbia, Wabelgiji wakaja, yeye akavua kofia moja akavaa nyingine. Alizikwa na umati wa watu, na shehe akasema alikuwa mtu wa watu. Nilikuwepo. Nilikwenda kuhakikisha amefukiwa. Wabelgiji walikuta majani yamesimama, wakauliza, wakaambiwa ni ya boma, basi yakawa ya Leta. Na walipotafuta mtu anayejua kuyatunza, wakaelekezwa kwangu. Mimi nimekata majani katika shamba letu kwa amri ya wengine mpaka mgongo ulipokataa. Watu walinishangaa, kwa nini nakubali? Nilikubali ili visiki visinyolewe.

Ndiyo maana leo nimewaita. Jana nilitazama mizigo yenu nikaona mnakata chini kabisa kwenye udongo. Mkiendelea hivyo misimu michache, visiki vya kiganja vitakwisha, na hakuna mtu duniani atakayejua mpaka ulipita wapi. Kesho mkiingia, ukiupa mto mgongo, ule upande wa mkono wa kulia ambao mashina ni manene na marefu, kateni kiganja. Pakeni mawese, msisahau shingo.

Na agronome akiwauliza, au mtu yeyote akiwauliza, shamba lile ni la nani, msimwambie la Leta. Mimi nimekwisha kujichafua, sina cha kuogopa tena. Jina la mwenyewe nimelitaja mara moja halikusikika. Leo nalitaja mara ya pili, na nyinyi ni wengi, masikio mnayo, na midomo hamna aliyewafunga.

Anaitwa Ntirampeba.

Haya, semeni nyote. Nisikie.